Kupanga kazi isiyojulikana itaisha lini: somo la mvuke wa Nakuru

Kila mradi una maswali matatu: kazi ipi itangulie, itafanywa kwa chombo gani, na itachukua muda gani. Fedha na vyombo vikiwa haba, na muda wenyewe haujulikani, orodha ya tarehe peke yake haitoshi. Mfano mzuri uko kaunti ya Nakuru, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini.

Kisima cha mvuke hushuka kilomita mbili hadi tatu. Mitambo ya kuchimbia ni ghali na ni michache, kwa hivyo visima hungojeana. Mwamba ukiwa mgumu kuliko ilivyodhaniwa, au kisima kikikosa mvuke wa kutosha, foleni nzima hurudi nyuma.

Olkaria, karibu na Naivasha, visima viwili vya mwanzo vilichimbwa miaka ya 1950 na havikuzaa umeme. Kazi iliporudiwa miaka ya 1970, ilikwenda kwa hatua. Mtambo wa megawati 15 uliwashwa 1981, wa pili 1982, wa tatu 1985. Fedha hazikumwagwa zote kabla ya kujua ardhi ina nini.

Menengai, juu ya mji wa Nakuru, shirika la serikali la GDC lilianza kuchimba 2011. Lilibeba hatari ya visima ili kampuni binafsi zijenge mitambo. Kampuni tatu zilipewa nafasi, kila moja megawati 35. Ya kwanza, Sosian, ilianza kutoa umeme 2023. Mvuke ulikuwa umeshapatikana miaka mingi nyuma. Uhaba ulikuwa umehama kutoka kwenye visima hadi kwenye mikopo na dhamana.

Yatuhusu nini sisi wa Pwani? Umeme wa bei nafuu ukichelewa, pengo huzibwa na mitambo ya mafuta kama ya Kipevu, na gharama ya mafuta hayo huingia kwenye bili ya kila nyumba.

Basi ndugu msomaji, ukiitwa barazani kusikiliza mpango wa soko, bandari ya wavuvi au barabara, uliza manne. Chombo adimu ni kipi? Kuna akiba gani ya muda na fedha? Ni hatua ipi watasimama kupima kabla ya kuendelea? Na ikichelewa, nani analipa? Mpango usio na majibu haya haujawa mpango bado.