Zidaka za Lamu

Wasikilizaji, jioni ya leo nataka kuwaelezeni habari za ukuta mmoja. Haukujengwa kwa ajili ya vita wala kuzuia maji, bali kwa kuweka sahani.

Katika mji wa Lamu zimo nyumba za mawe zilizojengwa katika karne ya 18. Mgeni huingia kwa daka lenye baraza za kukalia, kisha hutokea kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Toka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na sakafu hupanda kidogo kila aendapo mbele. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2 na nusu au zaidi kidogo. Sababu si uhaba wa mawe. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi kipimo hicho haistahimili uzito wa mawe na chokaa. Basi mti ndio uliopima chumba.

Sasa fikirini: chumba chembamba namna hiyo, ukikijaza makabati, watu watapita wapi? Fundi alilitia kabati ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta wa ndani ulijazwa vidaka, au zidaka kwa Kiamu, safu juu ya safu, na chokaa yake ikachorwa kwa ustadi. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina na vitu vingine vya thamani. Kitu kikiondolewa, pengo lake laonekana mara; kikizidi, hakina pa kukaa. Kwa hiyo utaratibu wa nyumba haukuachiwa kumbukumbu ya mtu. Wala haikuhitaji sahani ya China: chungu kilichosuguliwa vema kingalikaa humo kwa heshima ile ile.

Unguja nako desturi hii ilikuwako. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alieleza katika kitabu chake kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi bilauri na sahani zilivyopangwa kwa ulinganifu katika vidaka, na katikati ya vidaka vikatundikwa vioo vikubwa kutoka Ulaya. Mimi sivisifu sana vioo vile. Kioo huzidisha maradufu kila kilichomo chumbani, hata takataka.

Lakini tuulize, ni nani aliyechoma chokaa hiyo, akabeba mawe, akafagia misana kila alfajiri? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Wengi wasifuo nyumba hizi huipita habari hii upesi, nayo ni nusu ya hadithi. Katika pwani ya Kenya sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1907. Waungwana wengi walikuwa wamekwisha kupungukiwa na mali. Nyumba zikakosa matengenezo, dari zikaanguka, na sahani nyingi zikauzwa kwa wageni. Pate ulikuwa umetangulia kuanguka, na magofu yake ndiyo yaliyomliza mtunzi wa Al-Inkishafi.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba moja ya karne ya 18 imefanywa makumbusho, na apitaye mlangoni huziona zidaka zake mahali pake pale pale.