Nakumatt: duka la magodoro lililokua likawa ndovu, kisha likaanguka

Muulize kijana yeyote wa Nyali Nakumatt ilikuwa nini, atakwambia ilikuwa ile supamaketi yenye picha ya ndovu. Muulize sasa hilo "matt" la mwisho lina maana gani, na hapo wengi hunyamaza. Maana yake ni godoro. Nakumatt ni ufupisho wa Nakuru Mattresses, yaani Magodoro ya Nakuru. Supamaketi iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote Kenya ilianzia kwenye godoro.

Sisi tuliozaliwa Pwani twakumbuka godoro la sufi. Bibi yangu alikuwa akilitoa uani asubuhi, akalianika juani na kulipiga fimbo mpaka lifure. Likishikana kabisa, hulifumua, akaichambua sufi kwa mkono na kulishona upya. Halafu likaja godoro la sponji: jepesi, halitaki kuchambuliwa, na mtu hulibeba kichwani mpaka kwake. Kwa watu waliokuwa wakihamia mijini na kuanza maisha, godoro lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Ndiyo maana duka la magodoro lilikuwa biashara ya maana.

Nakuru ndiko hadithi hii ilikoanzia, katika familia ya Maganlal Shah. Mwaka 1987 ndio unaotajwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa Nakumatt, na mwanawe, Atul Shah, ndiye aliyekuja kuiongoza mpaka mwisho wake. Wala haikuwa peke yake. Tuskys ilisajiliwa kwa jina la Tusker Mattresses, nayo asili yake ni Rongai, huko huko Nakuru, kwa mzee Joram Kamau. Eastmatt nayo ni Eastleigh Mattresses. Jina likapendwa hivi kwamba "matt" ikawa kama alama ya supamaketi, hata mtu akasahau kabisa kuwa asili yake ni mahali pa kulalia.

Kwa nini muuza godoro ageuke muuza sukari na sabuni? Kwa maoni yangu, jibu liko kwenye godoro lenyewe. Godoro hula nafasi, kwa hivyo muuzaji lazima awe na duka pana. Lakini mteja akishanunua moja, hutamwona tena miaka. Sukari huisha kila wiki. Mwenye duka pana asiye na mteja wa kila siku hutafuta kitu cha kumrudisha mteja.

Nakumatt ilipotoka Nakuru haikusimama. Ilifungua Nairobi, ikateremka Mombasa, ikafika mpaka Diani. Ikavuka mipaka: Rwanda, Uganda na Tanzania. Ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Kwa wengi wetu, hapo ndipo tulipozoea kusukuma kigari, kununua mkate na televisheni chini ya paa moja, tena mengine usiku wa manane.

Ilipata misiba pia. Januari 2009 moto uliteketeza tawi la Nakumatt Downtown, Nairobi, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate, ambamo Nakumatt ndiyo iliyokuwa duka kubwa kuliko yote, na watu 67 wakauawa. Lakini Nakumatt haikufa kwa moto wala kwa risasi. Iliuawa na deni.

Hebu tuieleze biashara yenyewe. Ukinunua unga supamaketi, unalipa papo hapo. Lakini aliyeuleta huo unga halipwi siku hiyo. Atangoja siku 30, au 60, au 90. Katika muda huo pesa zako ziko mkononi mwa supamaketi, na mwenye haraka ya kukua huzitumia kufungua tawi jingine. Mauzo yakiwa mazuri, hesabu inakwenda. Yakipungua, au matawi mapya yasipolipa, wauzaji hucheleweshewa. Nao wakichoka, hawaleti mali. Rafu zikibaki tupu, mteja huenda kwingine. Mteja akiondoka, hata ya kulipa deni la zamani hakuna. Ni kitanzi kinachojikaza chenyewe.

Mwaka 2017 sote tuliziona zile rafu tupu: maji ya chupa yamepangwa safu nzima ili kuficha pengo. Wenye majengo wakawa wanadai kodi, wafanyakazi wanadai mishahara. Mpango wa kuungana na Tuskys ukazungumzwa, haukufika popote. Januari 2018 mahakama ikaiweka Nakumatt chini ya msimamizi, Peter Kahi. Matawi sita yaliyosalia yakauziwa Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Linganisha hizo namba mbili, utaelewa ni wangapi waliorudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka huo huo wa 2020 Tuskys nayo ikaanza kuporomoka.

Benki ina mawakili. Kiwanda kikubwa kina akiba. Mimi nawafikiria wadogo. Binti ya ami yangu hutengeneza achari ya maembe na mabuyu. Miaka kadhaa nyuma alifurahi kupata oda ya supamaketi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja. Alikopa sukari na mafuta kwa muuza jumla, akapeleka mzigo. Kila akienda kudai aliambiwa arudi wiki ijayo. Muuza jumla hakungoja wiki ijayo. Mwishowe dada yetu aliuza bangili yake ya dhahabu aliyopewa siku ya harusi, akalipa. Yake hajalipwa mpaka leo.

Mwaka 2019 Sheria ya Ushindani ilirekebishwa, na mnunuzi mkubwa anayemcheleweshea malipo muuzaji bila sababu ya haki aweza kushtakiwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hii ni haki ambayo wafanyabiashara wetu wengi hawaijui. Lakini ili kushtaki lazima uwe na karatasi: oda, hati ya kupokelewa mzigo, tarehe ya malipo. Hapa Pwani twapenda kuaminiana kwa mdomo, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ndiyo inayotuamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Hatuna udhuru.

Pale City Mall Nyali, mahali pa ndovu sasa kuna Carrefour. Kigari ni kile kile, mkate ni ule ule. Ewe unayepeleka achari yako pale, au kwingine kokote, usipeleke mzigo wa pili kabla ya kulipwa wa kwanza.