Mwili Ulipopimwa Majini: Historia ya Kutenganisha Mafuta na Misuli

Kwa muda mrefu unene ulipimwa kwa kulinganisha uzito na kimo, na hesabu iliyoenea zaidi ilitokana na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, ambaye katika miaka ya 1830 alionyesha kwamba uzito wa watu wazima huongezeka takriban kwa mraba wa kimo chao. Hesabu hiyo, ambayo leo hujulikana kwa kifupi cha BMI, haiwezi kutofautisha kilo moja ya mafuta na kilo moja ya misuli.

Kasoro hiyo ilidhihirika mwaka 1942, pale Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Majini la Marekani, na mwenzake walipochapisha vipimo vya wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani: 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa kuzidi uzito, ilhali wengi wao walikuwa wamejaa misuli, si mafuta. Behnke aliyafuatilia mafuta kwa sababu ya wapiga mbizi, kwani gesi ya naitrojeni, inayowadhuru wanapopanda juu haraka, huyeyuka kwa wingi zaidi katika mafuta kuliko katika maji.

Njia yake ilisimama juu ya kanuni ya Archimedes, kwamba kitu kilichozama hupungua uzito sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Mpimwa huketi kwenye kiti kilichoning'inizwa katika mizani, hutoa pumzi yote anayoweza, kisha huzamishwa mwili mzima katika tangi la maji na kutulia hadi uzito usomwe. Mtu mwenye kilo 80 nchi kavu, akibakiwa na kilo 4 majini, amesukuma takriban lita 76 za maji. Zikiondolewa lita 1.2 za hewa iliyosalia mapafuni, ujazo wa mwili wake ni lita 74.8, na densiti yake, yaani uzito wa kila lita ya mwili, ni kilo 1.07. Kwa kuwa lita ya mafuta ina kilo 0.9 na lita ya sehemu nyingine za mwili hukadiriwa kuwa na kilo 1.1, fomula ya mwanasayansi William Siri humpa asilimia 13 ya mafuta, yaani kilo 10 hivi.

Kwa kuwa si kila mahali pana tangi la namna hiyo, mwaka 1974 Durnin na Womersley wa Glasgow walitoa majedwali ya kukadiria densiti kwa kubana mikunjo ya ngozi kwa kalipa, yaani koleo la kupimia unene, katika sehemu nne za mwili. Baadaye zilienea mizani zinazopitisha umeme hafifu mwilini, ambao hupita kwa urahisi katika misuli yenye maji mengi na kwa shida katika mafuta.

Hata hivyo, majedwali ya kalipa yalisawazishwa kwa vipimo vya majini, na mizani ya umeme huyumbishwa na glasi chache za maji. Kwa hiyo anayefuatilia mazoezi yake hufaidika zaidi akitumia kifaa kilekile, saa ileile, na kutazama mwelekeo wa miezi badala ya tarakimu ya siku moja.