Safari ya Ujiji na habari ya mto Ruzizi

Sisi watu wa Mutarule tunaishi katika bonde la Ruzizi. Mto huo ni jirani yetu. Kwa hiyo tulipotembelea Ujiji, mji wa zamani kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na Kigoma, tulitafuta kwanza habari zake.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Humo zilipita pembe za ndovu, na watumwa waliotolewa ng'ambo yetu. Toka huko Kiswahili nacho kilivuka ziwa kikaja kwetu. Tulionyeshwa ukumbusho wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe inayosemwa kuwa ni wajukuu wa mwembe wa siku ile.

Lakini kuna habari nyingine. Mwaka 1858 Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi mpaka Uvira. Walitaka kujua: Ruzizi unatoka ziwani kwenda Nile, ao unaingia ziwani? Wenyeji waliwajibu wazi: unaingia. Wale wawili hawakufika mtoni, na ubishi ukaendelea Ulaya miaka 13, mpaka Stanley na Livingstone walipokuja kujionea kwa macho. Kumbe wenyeji walisema kweli!

Shuleni tulijifunza majina ya waliouliza. Ya waliojibu hatukufundishwa. Basi ndugu zetu, tuwaulize wazee wangali hai, na majibu yao tuyaandike pamoja na majina yao.