Vita vya Mvita Juu ya Meza

Jamaa zetu wengi, wakiambiwa kuwa kuna watu wazima wanaocheza vita juu ya meza, hucheka. Lakini mchezo huu una asili ya kisomi. Mwaka 1824 jeshi la Prussia liliukubali mchezo uliotungwa na akina von Reisswitz, baba na mwanawe, kwa kuwafunzia maofisa kupiga vita juu ya ramani. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu chake *Little Wars*, na mchezo ukaingia majumbani kwa askari wadogo wa kuchezea. Mwaka 1971 akaja Charles Grant na *The War Game*, kitabu cha vita vya karne ya 18, zama za Mfalme Frederick wa Prussia, askari wakisimama safu kwa safu na bunduki zao.

Karne hiyo hiyo wazee wetu nao hawakulala. Waomani walikwisha kuiingia ngome ya Mvita, ile Fort Jesus ya Wareno, mwezi wa Disemba 1698, baada ya kuizingira miezi 33. Mwaka 1728 Wareno wakairudia, kwa kuwa askari wetu waliokuwamo walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa 1729 watu wa Mvita wakawatoa Wareno kwa mikono yao, kisha wakapeleka ujumbe Oman. Baadaye uliwali ukashikwa na Mamazrui, naye liwali akawa Muhammad bin Uthman.

Huku Oman nako kulikuwa kunaungua. Hinawi na Ghafiri walikuwa wamekwisha kuuana miaka mingi, na tangu 1737 Waajemi wakaletwa nchini, wakaonja, wakataka kubaki. Aliyewazuia ni liwali wa Sohar, Ahmad bin Said wa Albusaidi, aliyezingirwa humo kiasi cha miezi tisa, mpaka 1743. Kwa hisabu ya vitabu vingi akabaiiwa uimamu mwaka 1744. Wengine husema 1749. Muhammad bin Uthman akakataa kumtii. Mwaka 1746 wakafika Mvita watu wachache wa Imamu, na kwa mapokezi ya wazee, walijifanya kuwa wamekhitilafiana naye. Wakamuua liwali ngomeni. Nduguye, Ali bin Uthman, akafungwa, akatoroka, akasaidiwa na wenyeji, akairejesha ngome na kumuua Saif bin Khalaf aliyekuwa ameikamata.

Habari hii imetiwa chumvi katika nyumba zetu kwa vizazi. Nyumba moja husema Mamazrui walikuwa waasi. Nyumba ya pili husema Maskati ilimuua mtu kwa hila. Watoto wetu wanairithi hasira bila ya kuirithi taarikh yenyewe. Kwa hivyo, tukikutana Ras al Hadd likizo za skuli, tumekuwa tukiicheza habari hii juu ya meza, na meza imetufunza jambo ambalo maneno matupu hayakuwa yakilionesha.

Askari wa risasi hatuna. Kokwa moja ya tende ni watu hamsini, na komwe moja ni jahazi. Dado tumeiacha, maana wanazuoni wengi wameikataza. Badala yake tunapiga kura ya vikaratasi. Meza ina sehemu tatu: upande mmoja Oman, yaani Maskati, Sohar, Nizwa na Sur, upande wa pili Mvita na ngome yake, katikati bahari. Ras al Hadd ndiyo mlango wa bahari hiyo. Hapa pwani inapinda, na nahodha aliyetoka Maskati au Sur akishaipita rasi, huugeuza uso wa chombo kuelekea kusini magharibi, na safari ya Afrika ikawa imeanza. Kutoka hapa mpaka Mvita ni zaidi ya kilomita 3,500.

Kila mzunguko wa mchezo ni mwezi mmoja. Kutoka Novemba mpaka Machi huvuma kaskazi, na jahazi zinaruhusiwa kwenda Mvita tu. Aprili na Mei ni kusi, zinarudi. Juni na Julai kusi huwa kali, bahari hufungwa, na vyombo vyote hukaa bandarini. Agosti na Septemba zinaweza kurudi tena. Amri zote huandikwa karatasini, zikawekwa chini ya komwe, na hazifunguliwi ila chombo kikifika. Anayecheza Mvita hajui lililotokea Oman mpaka jahazi itie nanga, na wa Oman kadhalika.

Kanuni hizi chache ndizo zilizozua kelele mezani. Aliyeshika upande wa Imamu alitaka kupeleka kokwa zote Mvita mwezi wa Disemba, akamalize kazi. Tukamwambia: haya, peleka, lakini hawatarudi kabla ya Aprili, na hapo Nizwa pana Bal'arab bin Himyar, naye pia anadai uimamu. Nani atalinda Maskati? Akafikiri sana, akazirudisha kokwa zake, akaacha moja tu jahazini. Bila ya kuambiwa, alikuwa amefika pale pale alipofika Ahmad bin Said mwaka 1746: jeshi hana la kutoa, basi apeleke watu wachache na shauri la siri. Bal'arab aliuawa Farq, karibu na Nizwa, mwaka 1749. Kabla ya hapo Imamu asingeweza kuipa Oman mgongo.

Aliyeshika Mvita naye alijifunza lake. Mwezi wa Aprili alipeleka barua kuuliza Imamu ni nani. Jawabu haikumfikia ila Disemba. Miezi minane ameketi katika ngome yenye mizinga, mji unamtazama, hana wa kumuamuru. Mtu wa namna hii huwa mtawala, atake asitake. Uasi ni neno lililotoka Maskati. Mvita waliona kuwa wanajitunza. Na Mvita haikurudi kwa kudumu mikononi mwa Albusaidi mpaka 1837, zama za Seyyid Said bin Sultan.

Sisemi kuwa upepo umeua mtu. Muhammad bin Uthman aliuawa na watu, kwa amri ya watu. Ila mwenye kuicheza habari hii huona kila upande ulikuwa na njia ngapi mkononi mwake, nazo zilikuwa chache.

Meza ina upungufu wake, na mkubwa anayecheza na watoto aseme wazi. Kokwa zinahesabu askari tu. Thenashara Taifa, wenye mji wa Mvita, wasifanywe watazamaji, kwani ndio waliowatoa Wareno. Na jahazi zilizorudi na kusi zilibeba pembe na boriti, zikabeba na watumwa, watu waliokuwa na mama na majina. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hao hawana kokwa. Tangu siku hiyo kila jahazi inayorudi husimamishwa kidogo Ras al Hadd, na mchezaji hutaja kwa sauti kilichomo.

Kanuni ya mwisho ndiyo ninayoiusia kila nyumba itakayojaribu. Mchezo uchezwe mara mbili, na mara ya pili wachezaji wabadilishane pande. Mjukuu mmoja mwenye damu ya Kimazrui kwa bibi yake alikataa kabisa kushika Maskati. Tukamsubiri, tukanywa chai. Mwishowe akashika, na usiku huo ndiye aliyebaki mezani akiwaeleza wenziwe kwa nini Imamu asingeweza kungoja mwaka mwengine.

Wenye wazee waliowahi kusafiri kwa jahazi wawaulize miezi ya safari na bandari walizotia nanga, waziandike, walete mwakani tuzitie katika kanuni. Wabillahi taufiq.