Uraibu

Katika Kiswahili cha mwambao, uraibu lilikuwa jina la vikolezo vya tambuu: popoo, katu, chokaa na tumbaku, ambavyo mgeni hukirimiwa kwa heshima. Wanaistilahi wa zama zetu wamelichukua neno hilo wakaliitia hali ambayo mtu hutaka kuacha kileo au unga, akaapa, akatubu, na bado asiweze. Na kwa rai yangu wamepatia, kwani limehifadhi ile dhana ya mazoea yanayoanza kwa hiari na starehe kabla hayajashika hatamu.

Ulevi ni jambo jingine. Ulevi hupita na saa zake, akili ikarejea. Ama uraibu, huo hukaa hata kwa mtu ambaye leo hajaonja kitu, na hapo ndipo humfika ule msiba ambao vijana huuita arosto. Mraibu wa heroini akipitiwa na saa 8 hadi 12 tangu dozi ya mwisho, hupiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yakamchuruzika, malaika yakamsimama, tumbo likamwendesha, na mifupa ikamuuma hata usingizi ukamkimbia. Mpita njia wa Michenzani, Unguja, chini ya yale majumba marefu ya zama za Mzee Karume, humtazama akasema, "Teja huyu, hana imani." Lakini ni mwili huo, uliokwisha kuizoea dawa, unaoidai kwa nguvu, imani haina hatia hapo.

Kwa sababu hiyo hospitali ya Kidongo Chekundu, papo Unguja, ilianza mwaka 2015 kutoa dawa ya methadoni, inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, nayo huizuia arosto. Na miaka kadhaa kabla yake zilikwishakuwako nyumba za upataji nafuu, wenyewe huziita soba, ambamo walioacha huwaongoza wanaoanza kuacha.

Basi waandikao mabango na wahutubiao misikitini waseme bayana kwamba mnywaji wa miaka mingi asikatishwe pombe ghafla nyumbani bila ya tabibu, kwani arosto ya pombe huweza kuleta kifafa na mauti. Na kwamba aliyekaa soba kwa muda, akikirudia kipimo chake cha zamani cha heroini, mwili wake haukihimili tena. Nawe msomaji, ukiwa na ndugu wa hali hiyo, jina la teja liache, ukamshike mkono umfikishe Kidongo Chekundu.