Kura ya mama, jina la mama



Siku tulikuwa tunaandikisha mikopo ya mbegu, mama mmoja aliyerudi toka Tanzania aliuliza: «Niandike jina langu, ao la bwana yangu?» Watu walicheka. Lakini swali lile si la kucheka, liko na historia ndefu katika inchi yetu.

Tuanze na kura. Kule Ubelgiji, wanawake walipata haki ya kuchagua wabunge mwaka 1948. Lakini Wabelgiji haohao hawakuleta haki hiyo huku kwa mama zetu. Desemba 1957, uchaguzi wa kwanza wa komine ulifanyika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville: wanaume tu. Mei 1960, tukichagua bunge la uhuru: tena wanaume tu.

Si kwamba wamama walikuwa wamelala. Mwaka uleule wa 1960, Andrée Blouin, mwanamke aliyezaliwa Oubangui-Chari, alizunguka Kwilu na Kwango pamoja na chama cha PSA, akiita wanawake waingie katika kazi ya uhuru. Waliitika. Walijaza mikutano, lakini siku ya kura ilipofika hawakuwa na ruhusa ya kuchagua.

Haki ya kura ilikuja na katiba ya 1967, wakati wa Mobutu. Mwaka uliotangulia, Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza iniversite, alikuwa amewekwa minista. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini mwaka 1970, wamama walipokwenda kuchagua rais, kandida alikuwa mmoja tu.

Na kura peke yake haikufungua milango yote. Sheria ya Familia ya 1987 iliandika kwamba bibi anahitaji ruhusa ya bwana yake mbele ya kujifunga na mkataba ao kwenda tribinali. Kwa hiyo mama aliweza kuchagua rais wa inchi, lakini hakuweza kusaini karatasi peke yake. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, ilitangaza usawa. Mwaka uleule wanawake 42 tu waliingia katika bunge la watu 500. Ile ruhusa ya bwana iliondolewa Julai 2016: sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana. Na mwaka 2024 Judith Suminwa akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke.

Sisi tuliorudi, hayo yanatuhusu namna gani? Wajane wengi wanafika nyumbani na kukuta shamba liko mikononi mwa ndugu za marehemu. Lakini tangu 1987 sheria inasema mtoto msichana anarithi sawa na mvulana. Wengi hawajui, na asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Kwa hiyo, wamemba, kila karatasi ya shamba ao ya mkopo iwe na majina mawili, la baba na la mama. Mjane aandike lake. Na ninyi wafazili, mukija kututembelea, ombeni kuona majina hayo.

Yule mama tulimujibu: «Andika jina lako, mama.» Aliandika polepole, herufi kwa herufi. Hakuna mutu aliyecheka tena.